Ndumakuwili: Jina Moja Lililowafunika Nyoka Wawili

Masika yakishika, ardhi huwafukuza wakazi wake. Maji yajazapo mashimo, tandu, nge, jongoo na nyoka wadogo hutoka chini ya udongo kutafuta pakavu, na hapo pakavu mara nyingi huwa ni ua wa mtu, kibaraza chake, ama msala wake. Ndipo zisikikapo zile kelele ambazo hakuna mtaa wa mwambao usiozijua, tangu Lamu hadi Vanga: "Nyoka! Nyoka!" Watoto hukimbia mbele wapate kuona, kina mama hukimbia nyuma yao wakiwaita, na kijana mmoja hutokea na mchi mkononi. Kufumba na kufumbua, nyoka amekwisha kupondwa kichwa. Baadaye sana, maiti yake ikiwa imeshatupwa jaani, ndipo mtu mzima mmoja aulizapo: "Kwani alikuwa nyoka gani?"

Swali hilo, ndugu msomaji, lafaa litangulie, wala lisifuate. Maana mwenye mchi huenda amemuua asiye na kosa, aliyekuwa akimlindia nyumba yake bila ya ujira. Hilo ni dogo. Kubwa ni la yule mwingine ambaye, kwa kumwona nyoka ni mwembamba na mfupi, humdharau, akamwinua kwa vidole ili awachekeshe watoto. Wahenga walinena kuwa mdharau mwiba guu huota tende, na katika mambo ya nyoka wadogo wa uani methali hii si ya mapambo. Yuko mmoja ambaye dharau hiyo yaweza kumgharimu mtu kidole, na tena dawa ya sumu ya nyoka iliyomo katika hospitali zetu haimfai kitu aliyeumwa naye.

JINA LENYE KUWILI

Lugha yetu haikosi majina ya nyoka. Tunaye chatu, tunaye swila atemaye mate, tunaye kifutu ambaye wengine humwita bafe au moma, tunaye ukukwi wa kijani apitaye matawini. Hawa ni wakubwa, ama wana alama zao, nao hawampotezi mtu. Lakini akitokea mmoja mdogo, mweusi ama wa rangi ya kahawia iliyokolea, mviringo kama kamba ya kiatu, ang'aaye kama aliyepakwa mafuta, ambaye huwezi kujua mwanzo wake ni upi na mwisho wake ni upi, basi husikia watu wakisema: "Huyo ni ndumakuwili."

Neno lenyewe lajieleza: ni mwenye kuuma kuwili, yaani mbele na nyuma. Kwa imani hiyo ya kwamba ana vinywa viwili, jina lake tumempa mtu ambaye leo yuko nawe na kesho yuko na adui yako, akila huku na kuuma kule. Washairi wetu wamelitumia sana neno hili katika kuwasuta wanafiki.

Imani ya nyoka mwenye vichwa viwili si ya kwetu peke yetu. Al-Jahiz, yule mwanachuoni wa Basra aliyefariki katika karne ya tatu ya Hijra, aliandika kitabu kikubwa juu ya wanyama, na humo akasimulia jinsi alivyomwuliza bedui mmoja habari za nyoka huyo. Alitaka kujua huenda kwa upande upi, na hula na kuuma kwa kinywa kipi. Bedui akamjibu bila kusita kwamba nyoka huyo haendi bali hujibiringisha kama watoto mchangani, kwamba chakula cha mchana hula kwa kinywa kimoja na cha jioni kwa kingine, ama kuuma, huuma kwa vyote viwili pamoja. Al-Jahiz akakata shauri kuwa huyo ndiye mwongo kuliko viumbe wote. Zaidi ya miaka elfu moja imepita, na mtaani kwetu bado wapo wanaomsadiki bedui yule.

Ukweli ni kwamba hakuna nyoka aumaye kwa mkia. Lakini tusiishie hapo tukacheka, kwani chini ya jina hili moja wamejificha nyoka wawili mbalimbali kabisa. Mmoja hana madhara hata kidogo. Wa pili ni hatari.

WA KWANZA: KIPOFU WA VYUNGU VYA MAUA

Huyu ni mdogo mno. Mara chache huzidi sentimita 15 au 17, yaani hafiki shubiri moja ya mtu mzima. Wengi humdhania ni mnyoo, na si ajabu, maana huishi udongoni kama mnyoo na hutoka mvua inyeshapo. Lakini mnyoo ana pingili mwilini na ngozi yake ni ya utelezi, ilhali huyu ana magamba madogo yaliyobana, tena ukimtazama kwa makini utaona akitoa ulimi mdogo. Mnyoo hana ulimi. Macho yake ni vitone viwili tu chini ya magamba, yenye kutofautisha mwanga na giza na si zaidi. Mwisho wa mkia wake pana kijiba kama ncha ya mwiba, nacho hukikandamiza mahali apate kujisukuma. Mtu akishikwa na kijiba hicho hudhani amedungwa, akaapa kuwa nyoka ameuma kwa nyuma. Hana sumu, na kinywa chake hakitoshi kumwuma mtu.

Wataalamu humwita Indotyphlops braminus. Asili yake ni bara la Asia, naye ameenea duniani kwa kusafiri ndani ya udongo wa mimea, hata kwa lugha nyingine akaitwa nyoka wa vyungu vya maua. Basi mwenye kutunza asumini na mrehani wake katika vyungu asishangae akimkuta humo wakati wa kubadilisha udongo. Jambo la ajabu zaidi ni kuwa nyoka hawa wote wanaojulikana ni majike. Hawahitaji dume. Jike mmoja aliyeingia bandarini ndani ya chungu aweza kutaga mayai na kuanzisha ukoo mzima. Subhana Llah, Muumba huumba apendavyo.

Chakula chake ni mayai na vitoto vya chungu na mchwa. Na nani asiyejua mchwa hufanya nini kwenye boriti na milango ya watu? Mwenye kumponda kipofu huyu amemponda mtumishi wake mwenyewe.

WA PILI: MWENYE KISU UBAVUNI MWA MDOMO

Sasa tumtazame wa pili, na hapa naomba msomaji atulie. Jina lake la kitaalamu ni Atractaspis, na aina zake zinapatikana katika mwambao wetu. Naye huishi chini ya udongo, naye ni mweusi ama kahawia iliyokaribia weusi, naye hung'aa, naye kichwa chake hakitofautiani na shingo, na mkia wake ni mfupi wenye ncha. Mtu akimwona kwa mwanga wa taa ya mkononi atasema ni yule yule kipofu aliyekuwa mkubwa kidogo. Hapo ndipo penye msiba.

Huyu ana sumu, na namna aitumiavyo haifanani na ya nyoka mwingine. Meno yake ya sumu ni marefu kupita kiasi cha kichwa chake, nayo hulala yakielekea nyuma. Hahitaji kufumbua mdomo. Hulitoa jino moja pembeni mwa midomo iliyofungwa, kisha hukivuta kichwa kando na nyuma kwa ghafula, akachoma kama mtu achomaye kwa kisu kiwiko kikiwa kimekunjwa. Kwa sababu hiyo haiwezekani kumshika kwa usalama. Ile njia ya wajuzi ya kumkamata nyoka nyuma ya kichwa, kwa huyu ni kumkabidhi kidole. Wengi walioumwa naye ni watu waliomshika kwa kumdhania hana neno, ama waliomkanyaga usiku kwa miguu mitupu, ama waliokuwa wamelala chini.

Maumivu yake huja papo hapo, yakafuatwa na uvimbe. Pengine nyama ya mahali palipochomwa hugeuka nyeusi ikafa, na wako waliopoteza sehemu ya kidole. Ndugu yake aishiye katika nchi za Palestina na Uarabuni ana ndani ya sumu yake kitu kinachobana mishipa ya moyo, na kwa baadhi ya jamaa zake vifo vimewahi kuandikwa. Dawa ya sumu ya nyoka itumikayo katika nchi zetu hutengenezwa kwa sumu ya kina swila na kifutu na jamii zao, wala haiipozi sumu ya huyu. Daktari atamsaidia mgonjwa kwa kutuliza maumivu, kulitunza jeraha na kumwangalia asizidiwe, na msaada huo ni mkubwa, lakini sindano ya kuiua sumu yenyewe haipo.

NAMNA YA KUWATENGA

Je, mtu wa kawaida, asiye mtaalamu, atawatenga vipi wawili hawa? Alama ya kwanza ni urefu. Asiyefika shubiri moja, mwembamba kama kamba ya kiatu, yaelekea ni kipofu. Aliyefika shubiri moja na nusu, mbili au tatu, mweusi na mwenye kung'aa, mhesabu kuwa ni mwenye kisu. Lakini urefu peke yake hautoshi, kwani kila mkubwa alianza kuwa mdogo.

Alama ya pili ni tumbo, iwapo amekwisha kufa ama amegeuka. Kipofu ana magamba madogo yaliyo sawa mwili mzima, juu na chini. Mwenye kisu, kama nyoka wengi, ana magamba mapana yaliyopangana tumboni kama ngazi. Alama ya tatu, na ndiyo ionekanayo hata kwa mbali, ni mwenendo. Mwenye kisu akisumbuliwa huikunja shingo kama upinde na kuielekeza pua yake chini, kichwa kikigusa ardhi, kisha akajirusha-rusha kando. Ukiona nyoka mdogo mweusi ainamishaye kichwa hivyo, usidhani anakusujudia. Rudi nyuma.

WADOGO WENGINE WA NYUMBANI

Si wadogo wote walio weusi. Yuko yule wa rangi ya kahawia ambaye huitwa nyoka wa nyumba, mwenye mistari miwili myeupe-myeupe kila upande wa kichwa, mmoja ukipita juu ya jicho. Huyu hana sumu. Hula panya na mijusi, akiwaua kwa kuwabana. Yuko pia mla mayai, asiye na meno ya maana, ambaye kwa kujihami hujikunja na kuyasugua magamba yake hata yakatoa mlio kama wa kifutu aliyekasirika. Masikini, hila hiyo iliyomlinda mbele ya wanyama humwua mbele ya wanadamu.

Ama kifutu mwenyewe, hazai mayai bali huzaa watoto walio hai, ishirini, thelathini na zaidi. Jike mmoja wa asili ya Kenya alipata kuzaa watoto 156 katika bustani ya wanyama ya Dvůr Králové, Jamhuri ya Czech. Kitoto hicho cha kifutu kina urefu wa shubiri tu, lakini ni kinene kwa kimo chake, kina alama za mishale mgongoni na mkia mfupi, nacho huzaliwa na sumu yake tayari. Hapa ile methali ya mtoto wa nyoka ni nyoka yasadiki neno kwa neno.

Wako wasemao kwamba nyoka mwenye sumu hujulikana kwa kichwa cha pembe tatu. Kanuni hiyo itamfaa mwenye kumtazama kifutu, lakini swila hana kichwa hicho, wala yule mwembamba wa kijani wa minazini na miembeni ambaye sumu yake ni kali mno, wala huyu wetu mwenye kisu. Kanuni iliyowaacha watatu hao nje si kanuni ya kuwekea roho.

Na tusione haya kwa kutowajua nyoka wetu. Hata waliosoma wamekawia. Swila mkubwa wa kahawia wa mwambao, mwenye kupita mita mbili na nusu, alihesabiwa kwa miaka mingi kuwa ni aina tu ya swila mwenye shingo nyeusi. Ni mwaka wa 2007 ndipo wataalamu Wolfgang Wüster na Donald Broadley walipombainisha kuwa ni mwingine, wakamwita Naja ashei kwa heshima ya marehemu James Ashe, aliyeanzisha pamoja na mkewe Sanda kituo cha nyoka cha Bio-Ken huko Watamu mwaka wa 1980. Ikiwa mkubwa wa kadiri hiyo aliweza kujificha nyuma ya jina la mwenziwe, seuze hawa wa shubiri moja?

NYOKA SI MMOJA HATA KATIKA MAFUNZO

Msomaji wetu aliyekaa chuoni atakumbuka kuwa Qurani yenyewe, katika kisa cha fimbo ya Nabii Musa, haikutumia neno moja. Katika Sura ya Twaha imetajwa hayya, nalo ni jina la nyoka kwa ujumla. Katika Al-Aaraf ni thu'ban, joka kubwa. Katika An-Naml na Al-Qasas fimbo imefananishwa na jann, nyoka mdogo mwepesi wa mwendo. Wafasiri wakaeleza kwamba lilikuwa joka kwa ukubwa, na jepesi kama mdogo. Basi lugha ya Kitabu imepambanua mkubwa na mdogo, mzito na mwepesi.

Na katika hadithi sahihi, Mtume (S.A.W.) alipoamrisha kuuawa kwa nyoka aliwataja kwa alama: mwenye mistari miwili mgongoni, na mwenye mkia mfupi uliokatika. Abdallah bin Umar, siku moja akimfukuza nyoka amuue, alizuiwa na Abu Lubaba, aliyemweleza kuwa baadaye Mtume alikataza kuuawa kwa nyoka wakaao majumbani. Hukumu zake na tafsili yake tuwaachie masheikh wetu. Sisi twachukua funzo hili moja: kwamba masahaba hawakumtazama nyoka kama jina tupu. Walitazama mgongo, mkia na mahali alipo, kabla ya mkono kutenda.

UFANYE NINI BASI?

Ukimwona nyoka usiyemjua, mdogo kwa mkubwa, jambo la kwanza ni kusimama mbali kiasi cha hatua tatu nne na kuwaondoa watoto. Usimguse kwa mkono, hata akiwa amekufa, wala kwa kijiti kifupi. Ikiwa yuko chumbani, toka, ufunge mlango, uzibe kwa nguo upenyo wa chini. Leo karibu kila nyumba ina simu yenye kamera. Mpige picha hapo hapo ulipo, ya mwili mzima na ya kichwa, umpelekee mjuzi ama ofisi ya wanyamapori iliyo karibu. Upande wa Watamu na Malindi, watu wa Bio-Ken huja kumwondoa nyoka bila malipo. Picha moja ya mbali yafaa zaidi kuliko maiti iliyopondwa kichwa, ambayo hata mtaalamu hawezi kuisoma.

Kinga nayo ni ya bei rahisi. Aendaye msikitini alfajiri avae viatu na achukue tochi. Alalaye chini atafute kitanda, na chandarua kichomekwe vyema chini ya godoro, kwani huzuia mbu na nyoka kwa pamoja. Marundo ya makuti, mawe na vifuu yasikae ukutani mwa nyumba.

Na akiumwa mtu? Mtulize, mlaze, umvue pete, bangili na viatu kabla uvimbe haujaja. Kiungo kilichoumwa kisitikiswe. Usikifunge kamba ya kubana, usikichanje kwa wembe, usikifyonze, wala usipoteze saa kwa jiwe la nyoka. Mkimbize hospitali. Ikiwa ni mate ya swila machoni, yaoshe kwa maji mengi safi, kisha hospitali vile vile. Shirika la Afya Duniani, ambalo mwaka 2017 liliingiza maumo ya nyoka katika orodha ya maradhi yaliyosahauliwa, lakadiria kuwa watu milioni 5.4 huumwa kila mwaka duniani, na kati ya 81,000 na 138,000 hufa. Wengi wao ni watu wa mashamba na vijiji kama sisi, na wengi hupotezwa na kuchelewa.

Wala hakuna aliyesema dua iachwe. Yajulikana kuwa sahaba alimsomea Fatiha mkuu wa kabila aliyeumwa na mdudu wa sumu, akapona, na Mtume akaridhia. Lakini Mtume huyo huyo ndiye aliyemwambia mtu amfunge ngamia wake kwanza, kisha amtegemee Mungu. Basi Fatiha na isomwe, na isomwe garini, njia ya hospitali.

Kwa watoto wa chuoni, ambao ndio hutangulia kuona na kutaka kushika, nimewatungia ubeti huu wapate kuuhifadhi:

Mdogo usimshike, hata akiwa mwembamba,
Mbali naye ujiweke, awe nyumba awe shamba,
Umbo lake ukumbuke, mistari ilompamba,
Sumu haina udogo, kujua ndiyo kingayo.

Neno ndumakuwili litabaki katika lugha yetu, na wanafiki wataendelea kuitwa hivyo, maana wanastahili. Ila kwa nyoka tuanze kuuliza: ndumakuwili yupi? Kipofu wa chungu cha asumini, aachwe arudi udongoni kula mchwa wetu? Au yule ainamishaye kichwa, tumpishe, tukamwite ajuaye? Mwenye kuuliza swali hilo kabla ya kunyoosha mkono amekwisha kuiokoa nusu ya nyumba yake, na nusu iliyobaki ataiokoa kwa kuwafundisha wanawe kuliuliza.